Babu alitoka "Sal..." ya wapi? Msaada kwa waliowahi kufuatilia asili ya wazee waliokuja kwa meli

#1 Mjukuu wa Chumbageni

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitanuna.

Kwetu Tanga tunaitwa akina Dezuza. Ukiniona njiani hutadhani nina jina la Kireno: mweusi tii, na Kireno chenyewe sijui hata salamu. Jina lilikuja na babu yake bibi yangu mzaa mama, tunayemwita Babu Kaitani. Historia yake yote ipo kichwani kwa mjomba, na mjomba ukimpa kahawa haoni tabu kuiongeza. Kwa mujibu wake, Babu Kaitani alitoka "Goa ya Bombay" (Goa ni ile ya India iliyokuwa koloni la Mreno), akawa anapuliza tarumbeta kwenye bendi ya Seyyid Barghash pale Unguja, Sultani akampenda mpaka akampa cheo, kisha akahamia Tanga enzi za Mjerumani reli ilipoanza kujengwa.

Mwaka jana tulimzika mama mdogo. Katika kupanga vitu vyake tukakuta bati la biskuti. Ndani mna rozari, stakabadhi za kodi ya nyumba, na karatasi moja iliyoliwa na mchwa upande wote wa kulia. Juu ina nembo ya Ureno na maneno mawili, "Consulado" (ubalozi) na "Zanzibar". Jina limesalimika: Caetano. Chini yake kuna mistari miwili ambayo imeninyima usingizi, wa kwanza "mzaliwa wa", wa pili "kazi":

natural de Sal... (mchwa)
profissão alf... (mchwa)

Binamu yangu akaingia kwenye simu, akarudi na neno "alferes", yaani afisa wa chini jeshini. Mjomba akapiga meza. "Si nilisema alipewa cheo?" Tangu siku hiyo hatuna amani.

Nilichokwisha kufanya, ili msinielekeze huko tena: nimeandika barua pepe kwa ofisi moja huko Goa nikataja jina na ukoo. Wakajibu kwa mstari mmoja, "Parokia gani?" Ndicho hicho nilichokuwa nawauliza wao. Halafu nikamlipa jamaa mmoja wa mtandaoni anayejiita mtaalamu wa nasaba. Akaniletea picha ya ngao yenye simba, eti ndiyo nembo ya ukoo wetu. Pesa imekwenda, simba ninaye.

Swali langu: hiyo Sal ni wapi, na mtu wa kawaida kama mimi aanzie wapi?

#2 Kaa la Moto

Sema tu unatafuta pasipoti ya Ureno mkuu, hapa hakuna atakayekuhukumu.

#3 Mjukuu wa Chumbageni

Hahaha. Ikitokea sitaikataa. Ila kwa sasa nataka tu mjomba anyamaze.

#4 Naweka Kambi

Nimefika na mkeka wangu. Wenye ujuzi waje.

#5 Bint Shajara

Poleni nyie mnaotafuta. Sisi asili yetu Hadhramaut, shajara ya ukoo ipo ukutani sebuleni kwa babu, imeandikwa kwa wino wa dhahabu, baba kwa baba kwa baba mpaka juu kabisa. Hatujawahi kuhangaika na makaratasi.

#6 Mpekuzi wa Vitabu

Bint Shajara, na bibi zako wapo kwenye hiyo shajara? Nauliza tu kwa wema.

Sasa mleta uzi. Nimefanya kazi hii kwa upande wa familia ya mke wangu, miaka sita, na nimekosea karibu kila mahali ulipokosea wewe, ukiondoa simba.

Kosa kubwa ni kuvuka bahari mapema. Watu wakisikia babu alitoka Goa wanakimbilia Goa, wakisikia alitoka Punjab wanakimbilia Punjab. Huko hawana habari na mtu anayeitwa "babu yetu". Kule watu wamepangwa kwa kijiji na parokia, na jina la kijiji hulipati kule, unalipata hapa alikofia. Maliza kwanza Tanga na Unguja. Alifunga ndoa wapi, watoto walibatizwa wapi, kazikwa wapi, kaburi lina maandishi gani. Karatasi za mwisho wa maisha ndizo zinazokurudisha kwenye za mwanzo.

Jina la ukoo lisahau. D'Souza, Fernandes, Pereira, Rodrigues ni majina waliyopewa watu wa Goa walipobatizwa kuanzia karne ya 16, mara nyingi jina la padri au la msimamizi wa ubatizo. Kijiji kizima kingeweza kuitwa D'Souza bila kuwa ndugu. Ndiyo maana wale wa ofisi wakakuuliza parokia. Kutafuta D'Souza Goa ni kama kumtafuta Juma Tandika.

"Bombay" nalo neno la mtego. Meli za kampuni ya British India zilianza kufika Unguja na barua na abiria mwaka 1872, na Wagoa wengi walipandia Bombay. Huko walikuwa na vilabu vya kulala, wanaviita kudd, kila kijiji na klabu yake, mtu anakaa akisubiri kazi au meli. Kwa hiyo karatasi ikisema "kutoka Bombay" inaweza kuwa inakuambia alikopandia meli tu. Ni kama kusema mtu ni wa Ubungo kwa sababu ulimwona akishuka basi Ubungo.

Tuje kwenye Sal. Zipo tatu kichwani mwangu. Salsete, ambayo siku hizi wanaandika Salcete, ni wilaya nzima ya kusini, Margao ikiwemo. Saligão ni kijiji cha wilaya ya Bardez, kaskazini. Na hukohuko Bardez kuna Salvador do Mundo. Kwenye karatasi za Kireno kwa kawaida kijiji hutangulia, wilaya hufuata. Baada ya "natural de" tarajia kijiji. Kwa hiyo mimi ningeipunguzia Salsete kura, ila nisingeitupa.

Jambo la mwisho, Barghash alitawala 1870 hadi 1888. Bendi yenye Wagoa kweli alikuwa nayo, hilo mjomba hakulitunga. Tafuta umri wa babu kwenye ndoa yake, kisha fanya hesabu.

Na unapofungua vitabu usitafute "Kaitani" peke yake. Kireno ni Caetano, Kilatini ni Caietanus au Cajetanus, na padri Mfaransa angeweza kuandika Gaétan. Mtu mmoja huyohuyo.

#7 Mjukuu wa Chumbageni

Mkuu umenipa adhabu ya muhula mzima. Nakwenda Unguja mwezi ujao kikazi, nitapitia.

#8 Sayansi Kwanza

Karne ya ngapi hii bado mnafukua vitabu vya mapadri? Pima DNA, wiki kadhaa umepata jibu, yaishe.

#9 Mpekuzi wa Vitabu

Kipimo kitamwambia ana asilimia kadhaa za India ya magharibi. Hilo analijua, limo kwenye jina lake. Hakitamwambia Saligão au Salvador do Mundo. Kinachofaa kwenye DNA ni kukutana na binamu waliopima, ambao wao wanakijua kijiji. Lakini hapo tena unategemea kwamba binamu alihifadhi karatasi.

#10 Kengele ya Kisauni

Habarini kutoka Mombasa. Nasoma nikicheka na kusikitika pamoja.

Sisi ni watu wa Frere Town. Wazee wetu walishushwa na manowari za Waingereza kutoka kwenye majahazi ya watumwa, wengine walipitia India kwanza, Nasik, ndiyo hao walioitwa Bombay Africans. Misheni ya CMS, Waanglikana wa Uingereza, ikaanzisha kijiji miaka ya 1874 na 1875. Kengele yao bado iko, ukipita kuelekea Nyali utaiona, matatu zinageuzia hapo na utingo anaita "Kengeleni" bila kufikiri.

Nilipoanza kutafuta, niliambiwa karatasi za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Binamu yangu anaishi huko, akaenda kwa niaba yangu. Barua za wamishonari ziko tele: fulani amekuwa mvivu, fulani anajua useremala. Ila mimi nilitaka kitu kimoja tu, bibi yetu alitolewa wapi. Jibu lote nililopata ni neno "Nyasa". Na "Mnyasa" wakati ule lilikuwa kapu. Myao, Mchewa, Mtonga, yeyote aliyeteremshwa pwani kutoka upande wa ziwa, humo. Jina lake la kikristo alilipata Frere Town. La mama yake hakuna aliyemwuliza.

Sisemi haya kukukatisha tamaa, mleta uzi. Babu yako alikuja na nauli, kwa hiyo ameandikwa. Mfuate.

#11 Naweka Kambi

Dah. Mkeka nimeukunja kidogo.

#12 Mjukuu wa Chumbageni

MREJESHO.

Nimerudi Unguja. Nilianzia Minara Miwili, lile kanisa la Mtakatifu Yosefu pale Mji Mkongwe. Mapadri wa Roho Mtakatifu wapo Unguja tangu miaka ya 1860, kwa hiyo vitabu ni vikongwe kuliko kanisa lenyewe. Nilikuwa na barua kutoka kwa paroko wetu wa Tanga. Jamani, kama mtafanya haya, barua ya paroko ni bora kuliko kitambulisho cha taifa.

Nilimpata asubuhi ya siku ya pili. Ndoa, mwaka 1896. "Caietanus", umri miaka 24, mwana wa Josephus na Anna Rosa. Nikashusha jicho mahali pa asili huku moyo unadunda, nikakuta: "oriundus ex Goa", yaani mwenye asili ya Goa. Basi. Nilitoka nje nikanunua juisi ya miwa, nikakaa ukutani.

Halafu nikakumbuka shule ya Mpekuzi, nikarudi kuwatazama waliokuwa naye. Mashahidi wawili. Mmoja nikamkuta tena kwenye ubatizo wa mtoto wa kwanza wa babu, safari hii ndiye msimamizi. Nikamfuata kwenye kitabu cha mazishi, alifariki 1911, na padri aliyemzika alikuwa na mwandiko mzuri na subira: "ex Saligão". Shahidi wa pili sikumwona amezikwa, lakini mdogo wake yupo, naye "ex Saligão". Mke wa msimamizi pia. Sikukuta hata mmoja wa Salsete kwenye kundi lao.

Hesabu ya bendi sasa. Miaka 24 mwaka 1896, maana yake kazaliwa 1872 au hapo jirani. Barghash kafariki 1888. Babu angekuwa na miaka 16. Nimempelekea mjomba hesabu hiyo. Amesema vijana wa zamani walikuwa na mapafu.

#13 Mpekuzi wa Vitabu

Safi sana. Hapo sasa ndipo pa kuvuka bahari.

Tahadhari mbili. Umri wa kwenye ndoa ni wa kukadiria, ongeza na punguza miaka mitatu. Na kanisa la Saligão lilifunguliwa 1873. Kabla ya hapo Wasaligão wengi walisali Nagoa, kijiji cha jirani. Kwa hiyo ukiandika barua taja parokia zote mbili, la sivyo utaambiwa hayupo, nawe utaamini hayupo. Uliza pia kama vitabu vya miaka hiyo bado viko parokiani au vimehamishiwa hifadhi ya nyaraka ya Panaji, mji mkuu wa Goa. Usitegemee vyeti vya serikali kwa mtu wa 1872, usajili wa kiraia kule ulianza mwaka 1914.

#14 Singh wa Kondele

Nimeingia kwa kuchelewa. Kisumu hapa, babu yake baba alitoka India kuja kujenga reli ya Mombasa hadi ziwani. Mnajua hesabu yake: walioletwa kwa mkataba walikuwa 31,983, waliokufa 2,493, waliobaki baada ya reli kufika ziwani 6,724. Sisi ni uzao wa hao waliobaki.

Kwetu njia ni nyingine kabisa. Wahindu, na Masingasinga kiasi, waliokuwa wakienda Haridwar kuhiji au kupeleka majivu ya marehemu, wana pandit wao wa ukoo, yaani kuhani wa Kihindu. Pandit ana kitabu kirefu kinaitwa bahi. Unamwambia kijiji na ukoo, anafungua, anakusomea majina ya waliofika kabla yako, nani alizaa nani, nani alifariki, kisha anakuandika na wewe. Vitabu vingi vimepigwa picha, na FamilySearch, tovuti ya nasaba, wameviweka mtandaoni bila malipo, ila kuvisoma ni kazi ya mwenye navyo.

Taabu yetu ni ileile: lazima uende na kijiji mkononi. Na kijiji chetu tangu 1947 kiko Pakistan, jina limebadilika. Waliokwenda Fiji nawaonea wivu. Pasi zao za uhamiaji ziliandikwa jina la baba, kijiji, kituo cha polisi na wilaya, karatasi moja.

#15 Kaa la Moto

Singh uko Kondele unatafuta kijiji Pakistan, mimi kijiji chetu kiko Kilosa na sijafika miaka kumi na moja. Uzi huu unanisuta.

#16 Kengele ya Kisauni

Mleta uzi, nimesoma mrejesho wako mara tatu. Bwana harusi umempa mistari mingi, na mashahidi na wake zao. Bibi harusi ameandikwaje?

#17 Mjukuu wa Chumbageni

...

Nilipiga picha ukurasa mzima kwa hiyo nimekwenda kuangalia. Maria. Umri "circa 18", yaani kama 18. Ex Bagamoyo. Mahali pa wazazi: "ignoti". Nimeangalia kamusi ya Kilatini, maana yake hawajulikani.

Nilikuwa nimesimama mbele ya ukurasa huo kwa nusu saa na sikumsoma.

#18 Kengele ya Kisauni

Nilijua. Misheni ya Bagamoyo ilianza 1868, ilikuwa na kijiji cha waliokombolewa utumwani, na watoto walilelewa humo mpaka wakaozwa. Huyo ndiye aliyekupa huo weusi tii.

#19 Bint Shajara

Nimepita tu kusema nimekwenda sebuleni kwa babu kuangalia. Hakuna bibi hata mmoja. Mama yake babu tunajua alikuwa Mgunya wa Siyu, lakini ukutani babu amezaliwa na baba yake peke yake.

#20 Mpekuzi wa Vitabu

Bint Shajara, andika leo yale ambayo wazee wanakumbuka juu ya Siyu. Kesho watakuwa wamesahau au wamelala.

#21 Mjukuu wa Chumbageni

MREJESHO WA PILI, miezi minne baadaye. Samahanini waliokuwa wananiita kwenye uzi, nilikuwa nasubiri barua.

Saligão walijibu kwanza: vitabu vyao vya mwanzo wamevitazama, hayumo. Ningekuwa sijaonywa ningefunga jalada. Nagoa wamejibu wiki iliyopita, na mtu mwema huko amenipigia picha.

Ubatizo, Agosti 1871. Caetano, filho legítimo (mtoto wa ndoa) wa José na Ana Rosa, natural de Saligão. Wameandikwa babu na bibi wa upande wa baba, na wa upande wa mama. Watu sita juu ya mtoto mmoja, kwa wino mweusi. Msimamizi ana jina la ukoo sawa na yule shahidi wa Unguja aliyezikwa 1911.

#22 Mpekuzi wa Vitabu

Hongera, ila ngoja nikuharibie. Mtakatifu Caetano sikukuu yake ni tarehe 7 Agosti. Watoto wa Agosti Goa nzima wameitwa Caetano. Umejuaje ni wako?

#23 Mjukuu wa Chumbageni

Nilijua utauliza. Majina ya wazazi yanakubaliana na ndoa ya Unguja, wote wawili. José peke yake nisingemtegemea, ila José na Ana Rosa pamoja, kijiji kimoja, umri unaotofautiana kwa mwaka, na msimamizi wa ukoo wa shahidi. Niliwaomba pia waangalie miaka mitatu mbele na nyuma. Wapo Caetano wengine wanne, hakuna mwenye mama Ana Rosa. Kama bado si yeye, basi nimekubali kumrithi.

#24 Mpekuzi wa Vitabu

Hapo sina neno.

#25 Naweka Kambi

Na cheo je? Mimi nimelala kwenye mkeka huu kwa ajili ya cheo. Alf nini?

#26 Mjukuu wa Chumbageni

Cheo nilikipata hapahapa Tanga, nilikokuwa nimepadharau. Ubatizo wa mtoto wake wa mwaka 1903, padri ameandika kazi ya baba: "sartor". Kilatini cha fundi cherehani. Na kwa Kireno fundi cherehani ni alfaiate. Alf.

Nilikwenda kwa mjomba na nakala zote, nikazipanga mezani, ubalozi, ndoa, Nagoa, Tanga. Akavaa miwani, akazisoma moja moja, hata zile za Kireno. Akanyamaza kwa muda mrefu. Nikajua leo nimeshinda.

Akavua miwani, akasema: "Na sare za bendi ya Sultani, wewe unafikiri alikuwa anazishona nani?"

Jumamosi nakwenda Bagamoyo na lile jina moja la Maria. Mwenye kujua pa kuanzia pale misheni aniandikie hapahapa.